Nani aliziua blogu zetu? Mimi nasema ni mitandao ya kijamii

#1 Wino_Mkavu
Wakuu salaam.

Nimepitia orodha yangu ya zamani ya blogu nilizokuwa nazisoma. Nyingi hazifunguki. Zinazofunguka, posti ya mwisho ni ya miaka mingi nyuma, na kadhaa zimeishia na sentensi ileile: samahani kwa ukimya, narudi karibuni. Hakuna aliyerudi.

Hoja yangu ni hii, mwenye kupinga apinge: waliotumaliza ni Facebook na Twitter. Blogu ilikulazimisha ukae na wazo. Unaandika aya, unafuta, unalala nalo, kesho unaona hoja yako ina tundu, unaziba, ndipo unachapisha. Ikaja Facebook 2004, ikaja Twitter 2006 na herufi zake 140, mtu akajifunza kulitoa wazo asubuhi likiwa bado bichi. Anapata sifa zake kabla ya mchana, hamu inakata, na makala ambayo ingeandikwa jioni haiandikwi tena.

Nimeliona kwangu na kwa wenzangu niliokuwa nablogi nao. Sijasikia maelezo mengine yakaniridhisha. Karibuni.

#2 Kipanga
Nimeweka kambi. Wajuvi shukeni.

#3 mlinzi_wa_seva
Mkuu Wino, tarehe zinakukatalia. Blogger ilianza 1999, WordPress 2003. Kipindi ninachokumbuka blogu zikiwa na uhai mkubwa ni kuanzia hapo mpaka karibu 2010, na kwa sehemu kubwa ya muda huo Facebook na Twitter zilikuwepo. Wanablogu walizitumia kutangaza posti mpya. Muuaji gani anakaa nyumba moja na marehemu miaka yote hiyo na marehemu ananenepa?

Mimi namtaja mwingine: kufungwa kwa Google Reader, tarehe 1 Julai 2013. Kwa wasioikumbuka, blogu nyingi zina mlisho wa RSS, faili linalojiandika upya kila posti mpya inapotoka. Programu ya kusomea milisho, kama hiyo Reader, inapita kwenye anwani zako zote na kukuletea mapya mahali pamoja, kwa mpangilio wa tarehe, bila mtu kukuamulia kipi kikae juu. Mwandishi angeweza kunyamaza miezi sita. Siku akiandika tu, unamwona. Google walisema matumizi yamepungua, wakafunga. Programu nyingine zilikuwepo, lakini wengi ninaowajua hawakuhangaika kuhama, walisema "nitaona tu Facebook". Tangu hapo anayeandika mara moja moja hana njia ya kumfikia msomaji wake.

#4 Tausi
Kaka mlinzi, wasomaji wangu mimi hakuna hata mmoja aliyejua RSS ni nini. Nilikuwa na blogu ya ushonaji. Walinifikia kwa kutafuta Google au kwa kutumiwa linki na shoga zao. Hiyo Reader ilipofungwa sikuona tofauti yoyote.

Kilichoninyong'onyesha ni komenti kuhama. Zamani chini ya posti kulikuwa na mazungumzo hasa: huyu anauliza namna ya kupima bega, yule anamjibu kabla yangu, wa tatu anapinga. Msomaji aliyekuja mwaka mmoja baadaye alikuta yote yako palepale na posti. Halafu nikaanza kuweka linki Facebook, watu wakawa wanajibu hukohuko. Wengine walijibu kichwa cha habari tu bila kufungua. Kwenye blogu yenyewe, komenti sifuri. Ukiandika kitu kirefu halafu chini pakakaa kimya, baada ya muda unajiuliza unamwandikia nani.

#5 Ngurumo
Wino_Mkavu hujafa bado mkuu, posti yako ya kwanza ni ndefu kuliko blogu yangu yote niliyowahi kuandika.

Nakuja kwa Tausi. Mimi namkamata kitufe cha laiki. Facebook walikiweka Februari 2009, na mwaka huohuo Twitter wakaweka kitufe cha kurudia posti ya mtu. Kabla ya hapo, kumwonyesha mwandishi kwamba umemsoma, sharti uandike hata maneno matatu. Maneno matatu yanazaa jibu, jibu linazaa ubishi, ubishi unazaa posti nyingine. Kidole gumba hakizai kitu. Nimekaa na mtu pembeni yangu akawa anabonyeza laiki bila hata kusoma, anasema anawasalimia.

#6 Mwalimu wa Zamu
Mnazunguka. Ni simu. Blogu ilikuwa kitu cha kompyuta: kiti, meza, kibodi ya vidole kumi. Tulipohamia kwenye simu janja tukabaki na vidole gumba viwili. Simu ni nzuri kwa kusoma na kupiga picha, kwa kuandika aya nane ni adhabu. Ndiyo maana Instagram ilipoanza 2010 ikaenda kwa kasi ile: ilimtaka mtu kile ambacho simu inakiweza.

#7 Nyota
Mwalimu shikamoo. Blogu yangu nzima niliiandika kwenye simu, tena ya kioo kidogo. Mwenye la kusema anasema.

#8 fundi_mtandao
Nasahihisha kidogo hapo #1, kwa nia njema. Facebook ya 2004 ilikuwa ya wanafunzi wa Harvard, kisha vyuo vingine. Mtu yeyote mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea na barua pepe aliruhusiwa kujiunga Septemba 2006. Kwa hiyo 2004 haiwezi kumuua mwanablogu wa kawaida.

Mwezi huohuo wa Septemba 2006 ndipo walipoleta mlisho wa habari. Kabla yake ulikuwa unatembelea ukurasa wa mtu mmojammoja, sawasawa na unavyotembelea blogu. Baada yake hutembelei mtu: wanaletwa kwako. Watumiaji walilalamika sana siku zile, wakaunda makundi ya kupinga humohumo Facebook. Kama tunatafuta siku tabia ya kusoma ilipogeuka, mimi naiweka pale. Baadaye mpangilio wa tarehe nao ukaondoka: Twitter na Instagram zilianza kupanga posti kwa algorithimu mwaka 2016.

Na jambo ambalo watu hawalijui: Evan Williams, mmoja wa walioanzisha Twitter, ndiye huyohuyo aliyeanzisha Blogger na kampuni yake ya Pyra Labs, wakaiuza kwa Google 2003. Mwaka 2012 akarudi tena kwenye maandishi marefu kwa kuanzisha Medium. Mtu mmoja amejenga ndefu, akajenga fupi, akarudi kwenye ndefu. Kwa hiyo hii vita ya blogu na mitandao siyo ya maadui wawili.

#9 Wino_Mkavu
Asante fundi, 2006 naipokea. Ila mlisho wa habari ni mali ya mtandao wa kijamii, kwa hiyo umenisaidia. Hoja yangu bado imesimama.

#10 Nyota
Kuna kitu wote mmekiruka: kazi.

Zamani mtu alikuwa anaandika barua pepe mbili tatu kwa siku, basi. Mimi leo naandika tangu naingia mpaka natoka. Hati ya pamoja, komenti pembeni ya hati, jibu la komenti, ujumbe kwenye Slack kumwambia mtu nimejibu komenti yake. Mwisho wa siku nimeandika maneno mengi kuliko posti yoyote ya blogu, na hakuna hata moja ambalo nitalitaka mwakani.

Sisemi vifaa ni vibaya. Nakumbuka maisha ya viambatisho: ripoti_mwisho, ripoti_mwisho_kabisa, ripoti_mwisho_bosi_amepitia, na bado mtu anahariri ile ya juzi. Google waliponunua Writely 2006 na kuigeuza Google Docs, ule wazimu uliisha kwetu. Hati ni moja, kila mtu yumo.

Lakini kuna kitu kimenibadilika mkononi. Ninapoandika naona vishale vya wenzangu vinatembea, kimoja kinakuja kusimama kwenye aya yangu. Sentensi yangu bado haijafika mwisho na tayari kuna mtu anaiangalia. Nimejikuta naandika sentensi salama, zile ambazo hakuna atakayeziwekea alama. Nimezoea kiasi kwamba nikifungua ukurasa mtupu nyumbani, peke yangu, bado naandika hivyohivyo. Blogu ilikuwa inataka mtu anayethubutu kuandika kitu kibovu mara ya kwanza bila shahidi. Mimi huyo mtu nimempoteza kazini, sikumpoteza Facebook.

#11 Kipanga
#10 nimeisoma mara mbili. Hiyo ya sentensi salama imenigusa.

#12 Kasuku Mweupe
Dada Nyota, kwangu imekuwa kinyume chake kabisa.

Nilikuwa siwezi kuandika peke yangu. Ukurasa mtupu unanishinda. Tukiwa kikundi kidogo tulipewa kazi ya kuandaa mwongozo wa programu, tukatumia Etherpad. Pale kila mwandishi ana rangi yake, kwa hiyo unaona nani kaandika nini mpaka herufi. Mwanzoni ukurasa wote ulikuwa wa bluu ya mwenzetu mmoja, na zambarau yangu ilikuwa nukta na mikato tu. Hakuna aliyesema kitu. Nikaanza kurekebisha neno, kisha sentensi, kisha nikaongeza aya nzima na mtu akaiendeleza palepale, wakati bado naangalia. Ile raha sijawahi kuipata kwenye blogu yoyote. Kuna mtu upande wa pili amekuelewa kiasi cha kukumalizia sentensi.

Tena Etherpad ni ya zamani, 2008. Google waliinunua 2009 na msimbo wake ukaachwa wazi, ndiyo maana mpaka leo unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe.

#13 Mwalimu wa Zamu
Nyota marahaba. Samahani kutoka nje ya mada: hivi watu wawili wakiandika kwenye sentensi moja kwa sekunde moja, kompyuta inajuaje la kufanya? Nimekuwa nikijiuliza siku nyingi.

#14 mlinzi_wa_seva
Mwalimu, swali zuri. Chukua neno "kalamu". Wewe unaongeza herufi mwanzoni. Mimi sekunde ileile nafuta herufi ya sita, yaani ile "u". Amri yangu ikifika kwako kama ilivyo, ya sita kwako sasa ni "m", kwa hiyo itafuta isiyo yake na sisi wawili tutabaki na maneno tofauti. Dawa ni kwamba kabla ya kuitekeleza, programu yako inaangalia umefanya nini wakati amri yangu iko njiani, inaisogeza kutoka sita kuwa saba, ndipo inafuta. Njia hiyo ilielezwa na Ellis na Gibbs mwaka 1989. Siku hizi kuna njia nyingine ambayo kila herufi inapewa kitambulisho chake cha kudumu, hivyo hakuna haja ya kuhesabu nafasi.

Na wazo lenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Desemba 1968 Douglas Engelbart alisimama jukwaani San Francisco na kufanya kazi kwenye skrini moja na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, huku wanaonana na kuzungumza. Siku hiyohiyo alionyesha kipanya. Huwa naikumbuka ninapoona vishale viwili kwenye hati moja.

#15 Mwalimu wa Zamu
Asante sana. Nimeelewa kwa mara ya kwanza.

#16 Zumari
Tukiwa hapohapo kwenye kuandika pamoja, mbona hamjataja wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaihariri? Ward Cunningham aliweka wiki ya kwanza mtandaoni 1995, kabla ya blogu hata hazijapata jina. Wikipedia ikaja Januari 2001.

Mimi nahariri Wikipedia ya Kiswahili. Hakuna jina lako juu ya makala, hakuna picha yako, hakuna laiki. Mara ya kwanza mtu nisiyemjua alipofuta aya yangu nilikasirika, nikaenda ukurasa wa majadiliano nikiwa na maneno makali. Alijibu kwa upole: sentensi mbili hazina chanzo, ya tatu inarudia ya kwanza. Ilikuwa kweli. Na kila badiliko linahifadhiwa kwenye historia ya ukurasa, kwa hiyo hakuna kinachopotea hasa.

Turudi kwenye swali. Mwaka 2006 Jakob Nielsen aliandika kuhusu ushiriki mtandaoni, kwamba kwa kawaida asilimia 90 wanasoma tu, 9 wanachangia kidogo, na 1 ndiye anayebeba sehemu kubwa ya kazi. Kama ndivyo, waandishi walikuwa wachache tangu mwanzo. Huenda bado wapo walewale, ila wamezamishwa na kelele za tisini waliopewa kitufe.

#17 Tausi
Zumari, hesabu hiyo kwenye makundi ya WhatsApp siioni. Kundi letu la mafundi, mama ambaye asingeweza kabisa kufungua blogu anaandika. Anaandika vizuri mno. Kuna mmoja alieleza usiku jinsi ya kurekebisha kola iliyokataa kulala, hatua kwa hatua, na picha. Makala kamili ile. Kufika asubuhi iko chini ya salamu, picha za maua na jumbe zilizofowadiwa. Aliyejiunga na kundi wiki iliyofuata hawezi kuiona hata akitaka. Google haiwezi kuifikia. Mwezi uliofuata mtu akauliza swali lilelile, na yule mama akaanza kuandika upya.

Kwangu hili linauma kuliko blogu zilizofungwa. Watu wanaandika kuliko wakati wowote, na maandishi hayana pa kukaa.

#18 Wino_Mkavu
Hapo umenikamata, Tausi. Nitafakari.

#19 Mama Vitabu
Wanangu, mimi ninachokiona ni woga. Blogu ilisomwa na aliyeitafuta. Kwenye mitandao ya kijamii bosi wako, mjomba wako, mwanafunzi wako na mtu mliyesoma naye shule ya msingi wote wamekaa mstari mmoja wanakusikiliza. Utasema nini cha maana mbele ya hao wote kwa pamoja? Unasema heri ya siku ya kuzaliwa.

Na vifaa vya kutenganisha wasikilizaji vilikuwepo. LiveJournal, ya 1999, ilikuruhusu kuandika posti ya marafiki tu, hata ya kikundi kidogo ndani ya marafiki. Google+ ilipoanza 2011 ilijengwa juu ya wazo hilohilo, kupanga watu katika duara, na Aprili 2019 ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida. Kupanga watu ni kazi, na watu hawakuitaka. Wakahamia makundi ya siri, ambayo ndiyo hayo ya Tausi. Kwa hiyo kilio chako, mwanangu, kinatokana na woga huu.

#20 Ngurumo
Shikamoo Mama Vitabu. Mjomba akiingia uzi huu mnistue nifute posti zangu.

#21 Msafara
Nachelewa kidogo. Mbona hamjazungumzia pesa? Google walianzisha AdSense 2003, na kuanzia hapo mwanablogu wa kawaida aliweza kuweka matangazo kwenye ukurasa wake. Nilikuwa naandika kuhusu ndege wa porini kwa kupenda tu. Nilipoweka matangazo nikaanza kuangalia takwimu kila asubuhi, na takwimu zikanionyesha kinachosomwa ni "majina mazuri ya kumpa kasuku". Nikaandika hiyo. Nikaandika nyingine ya hivyo. Siku moja nikaona sijaandika habari ya ndege yeyote niliyemwona kwa macho yangu kwa muda mrefu, na hamu ikaisha hapo. Hakuna Facebook wala Reader iliyohusika.

Kisha kampuni iliyokuwa inahifadhi blogu ikafunga huduma, na barua pepe yao ya onyo ilienda kwenye anwani niliyokuwa nimeiacha. Kila kitu kikaondoka. Siyo mimi tu: GeoCities ilifungwa 2009, Orkut 2014, na mwaka 2019 ilijulikana kwamba MySpace imepoteza picha, video na nyimbo zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma wakati wa kuhamisha seva. Sehemu ya maandishi yangu niliyakuta Internet Archive, wanaohifadhi kurasa tangu 1996. Picha karibu zote hazipo. Kama una blogu ya zamani inayofunguka, leo hii pakua nakala yako.

#22 Kasuku Mweupe
Pole sana Msafara. Na mimi kasuku nina jina zuri tayari.

#23 Kipanga
Naomba kuuliza, mbona mnazika kitu kilicho hai? WordPress peke yake inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Barua za Substack, tangu 2017, ni blogu zinazokuja kwenye barua pepe. Blogu ziko kila mahali.

#24 mlinzi_wa_seva
Kipanga, hiyo asilimia imejaa maduka, kampuni na magazeti. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya blogu imegeuka ya kujengea kila aina ya tovuti. Anayezungumziwa na Wino ni mtu mmoja, jina lake, mawazo yake. Huyo humpati kwenye takwimu hiyo.

#25 Kipanga
Sawa, lakini Substack hujaijibu.

#26 fundi_mtandao
Ya Substack nakujibu mimi: imefanikiwa kwa sababu inatumia barua pepe, na barua pepe bado inafika kwa mpangilio wa tarehe. Hapo inaungana na hoja ya #3 ya mlinzi na ya kwangu. Ya Tausi na Nyota bado hayajajibiwa.

#27 Tausi
Fundi, basi nijibu langu moja. Yale maelezo ya kola nikitaka kuyatoa kwenye kundi yakiwa kamili, naanzia wapi?

#28 fundi_mtandao
Fungua kundi, nenda kwenye menyu, tafuta sehemu ya kuhamisha gumzo. Utapata faili la maandishi lenye tarehe, jina na ujumbe, ukitaka na picha. Toa za huyo mama tu, za wengine usiguse. Na muombe ruhusa kwanza, maneno ni yake.

#29 Tausi
Nimemwandikia. Amekubali, ila anasema picha ya tatu ilipigwa gizani, anashona kola nyingine aipige upya. Na anataka jina lake liwe juu kabisa. Nimefufua nywila ya blogu yangu, bado inafunguka.

#30 Mama Vitabu
Ukiiweka utuletee hapa.

#31 mlinzi_wa_seva
Tausi, kama blogu ni ya WordPress ongeza neno feed baada ya mkwaju mwishoni mwa anwani, hapo ndipo mlisho wako ulipo. Nipe hiyo niiweke kwenye programu yangu.

#32 Wino_Mkavu
Na mimi. Nyota, nina swali kuhusu #10: ukiandika na daftari na kalamu, zile sentensi salama zinakufuata vilevile?

#33 Nyota
Sijajaribu. Nitajaribu mwishoni mwa wiki.